Mwanamke wa Nyuma ya Tangi

Kulikuwa na nchi moja, na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana si yake wala haipakani na yake. Nchi hiyo ilikuwa na amani tele. Ilikuwa na kiongozi aliyeitwa Mlezi, na mawaziri thelathini na saba ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuzindua. Walizindua shule, wakazindua zahanati, wakazindua mawe ya msingi, na pale ambapo hapakuwa na kitu cha kuzindua walizindua mpango wa kuzindua. Wananchi walipiga makofi kwa zamu, tarafa kwa tarafa, ili mikono ya watu isije ikachubuka.

Katika mji mdogo wa Mnyauko, makao makuu ya wilaya ya jina hilohilo, aliishi mpiga picha mmoja aitwaye Zefania Mkondya. Alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye kijichumba cha giza cha kusafishia picha nyuma yake, na juu ya mlango alikuwa ameandika kwa rangi ya bluu: STUDIO YA ZEFANIA, PICHA ZA PASIPOTI, HARUSI, MAHAFALI NA MISIBA. Ndani mlikuwa na kiti cha kuzunguka, mwavuli mweupe wa kutuliza mwanga, na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, kwa kuwa watu wa Mnyauko, ambako mvua huja kama mkwe aliyegombana na wenyeji, walipenda sana kupigwa picha mbele ya maji.

Zefania alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, mpole, mwenye mke mmoja aitwaye Edina na donda moja la moyoni. Donda lenyewe ni kwamba hakuna aliyemhesabu kuwa msanii. Mara tatu aliomba uanachama katika Umoja wa Wasanii wa Mikono, na mara tatu alijibiwa kwa barua yenye muhuri. Barua zilimweleza kwamba mchoraji hutumia mkono mzima, mchonga vinyago hutumia mikono miwili, mfinyanzi hutumia mikono na miguu, lakini mpiga picha hutumia kidole kimoja tu, na Umoja haukuwa na fungu la vidole.

"Achana nao," Edina alimwambia kila barua ilipofika. "Mtu anakuja hapa na sura yake, anaondoka na sura yake, amefurahi. Wewe unataka nini tena?"

Zefania aliikunja barua, akaiweka pamoja na nyingine, akaendelea kuwapanga watoto wa kipaimara mbele ya maporomoko.

*

Mwezi wa sita mwaka huo ikatangazwa kwamba Waziri wa Maji na Furaha, Mheshimiwa Sakapala, angefika Mnyauko kuzindua bomba. Bomba lilikuwa tayari. Lilisimikwa kwenye nguzo ya saruji iliyopakwa rangi za bendera, na koki yake iling'arishwa kila asubuhi kwa majivu. Nyuma yake lilijengwa tangi refu lililoandikwa MAJI NI UHAI, ASANTE MLEZI. Kilichokosekana ni maji. Chanzo cha maji kiliwekwa kwenye awamu ya pili, na awamu ya pili ilikuwa bado haijazinduliwa.

Sasa, kila wilaya ya nchi hiyo ilikuwa na Afisa Mandhari, ambaye wajibu wake ulikuwa kuhakikisha kwamba popote macho ya mkubwa yanapotua yanakuta kitu. Wa Mnyauko aliitwa Bwana Kasuga. Ndiye aliyewahi kuchomeka migomba iliyokatwa kandokando ya barabara kilometa tisa, siku moja kabla ya ziara, na kuichomoa jioni ya siku ya ziara kabla haijajikunja mbele za watu. Safari hii alilizunguka tangi mara mbili, akapiga ukuta wake kwa kifundo cha kidole, akapata jawabu. Kwa nyuma, juu kabisa, palikuwa na mdomo wa bomba linaloshuka moja kwa moja hadi kwenye koki. Mtu akipanda ngazi na kumimina ndoo pale, waziri akifungua huku mbele atapata maji.

Kwa kazi hiyo aliteuliwa Tasiana Mbilu, mama wa miaka hamsini na kitu aliyekuwa akifagia ofisi za wilaya kwa kibarua. Aliteuliwa kwa kuwa alikuwa na nguvu za kuinua ndoo na hakuwa mtu wa maneno.

"Utamimina nikikohoa," Bwana Kasuga alimwelekeza. "Nikikohoa mara moja, ndoo ya kwanza. Nikikohoa mara mbili, ndoo ya pili."

"Sawa, mheshimiwa. Ila hii ngazi naiona kama imeliwa na mchwa."

"Ngazi hiyo ni ya serikali, mama."

Tasiana akajifunga kanga kiunoni, akapanda kuijaribu.

Siku ya uzinduzi, wapiga picha kumi na wawili walioapishwa walipangwa mstari mmoja mbele ya bomba. Zefania alifika na kamera yake, akaambiwa na askari kwamba yeye hajaapishwa, asogee. Akasogea. Akaambiwa asogee tena. Akasogea hadi akajikuta ubavuni mwa tangi, chini ya mti wa mnyaa, ambao utomvu wake hupofusha macho, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu angetaka kusimama. Lakini kutoka pale aliona huku na huku. Mbele alimwona waziri na zulia lake. Nyuma alimwona Tasiana juu ya ngazi, ndoo mbili zimewekwa kwenye ubao pembeni yake, shingo imekaza kusikiliza.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Mheshimiwa Sakapala. "Maji haya hayakuja yenyewe! Maji haya yametoka mbali! Yametoka katika fikra za Mlezi, yakapita katika vikao, yakachujwa na kamati, na leo hii, mbele ya macho yenu, yanatoka bombani!"

Bwana Kasuga akaweka ngumi mdomoni, akakohoa. Tasiana akamimina. Waziri akafungua koki, maji yakatoka, akakinga glasi, akanywa. Na hapo ndipo kidole kimoja cha Zefania kilipofanya kazi yake.

Bendi ikapasua anga kwa tarumbeta. Bwana Kasuga akakohoa mara mbili. Tasiana akainua ndoo ya pili, na ngazi ya serikali ikakatika katikati. Alianguka bila kupiga kelele, au labda alipiga, tarumbeta zikazimeza. Zefania alikuwa hatua tano kutoka pale, akasikia kitu kikilia kama ukuni mkavu unaovunjwa. Akakimbia.

"Kaka Zefa," Tasiana alisema, uso umekuwa wa kijivu, "nyonga yangu. Usiniache."

Kule mbele Bwana Kasuga alikuwa bado anadai ndoo ya pili. Akakohoa mara mbili, akakohoa tena mara mbili, akakohoa hadi machozi yakamtoka, na Mheshimiwa Waziri, ambaye alikuwa mtu wa huruma, akampa ile glasi anywe.

*

Katika hospitali ya wilaya fomu ya Tasiana ilijazwa na Bwana Kasuga mwenyewe, ili kumpunguzia mgonjwa usumbufu. Penye "Chanzo cha ajali" aliandika: *Ameanguka kutoka kwenye mpapai nyumbani kwake.* Tasiana hakuwa na mpapai. Hakuwa hata na kiwanja cha kuoteshea mpapai. Lakini daktari, kijana mwenye miwani, alimweleza kwa upole kwamba fomu ndiyo inayotibiwa. Mtu aliyeumia kazini kwa serikali hupelekwa Hospitali ya Rufaa kupasuliwa wiki hiyohiyo. Walioanguka kutoka kwenye mipapai yao wana foleni yao, nayo ni ndefu, kwa kuwa katika nchi hiyo watu wengi mno walikuwa wakianguka kutoka kwenye mipapai.

Siku ya tatu Zefania alikwenda kumwona. Alimkuta amelala chali, mguu umefungwa kwa mbao.

"Siku ile nilikuona una kamera," Tasiana alisema. "Ulipiga?"

"Nilipiga."

"Nimo?"

"Umo, dada. Umo mzima, wewe na ndoo yako. Na waziri yumo. Na Kasuga na kikohozi chake yumo."

Tasiana akafumba macho, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Basi naomba hiyo picha. Mimi sina ugomvi na mtu. Nataka tu wajue kwamba sikupanda mpapai."

Zefania alirudi studio akaisafisha picha ile kwa ukubwa wa kitambaa cha meza. Alipoitundika ikauke, alikaa kwenye kiti cha kuzunguka akaitazama kwa muda mrefu. Tangu aanze kazi hakuwahi kupiga picha kama ile. Mwanga ulitoka kushoto ukapasua tangi katikati. Huku glasi inainuliwa, kule ndoo inainamishwa, na uzi mmoja wa maji uking'aa juu na mwingine uking'aa chini, kama vile picha nzima inapumua. Alijikuta anatabasamu. Kisha akakumbuka kwamba nukta chache baada ya pale yule mama alivunjika, akaona haya, akageuza kiti.

Binti yake Tasiana, Benadeta, akaipeleka picha ofisi ya wilaya asubuhi iliyofuata. Kabla ya saa sita mchana Bwana Kasuga alikuwa anapiga hodi studio.

*

Hakuja kwa ubaya. Alikaa, akakubali chai ya Edina, akasifu pazia la maporomoko.

"Bwana Mkondya," alisema, "nchi yetu haina tatizo na picha. Nani asiyependa picha? Tatizo letu ni picha zisizojielewa. Kwa mujibu wa sheria, picha ni Sanaa au ni Ushahidi. Haiwezi kuwa vyote. Ikiwa ni Ushahidi, aliyeipiga anashtakiwa kwa kumiliki ukweli bila leseni. Miaka saba, na kamera inapondwa."

"Na ikiwa ni Sanaa?"

"Aa!" Bwana Kasuga akaweka kikombe chini. "Sanaa serikali inaipenda mno. Sanaa inapewa cheti."

"Sasa tofauti yake ni nini?"

"Ndogo tu. Sanaa imepangwa, Ushahidi umetokea. Keshokutwa linakuja Baraza la Kutenganisha Sanaa na Ushahidi. Watakuuliza swali moja. Ukisema yule mama ulimpanga wewe pale juu, umemaliza, unarudi nyumbani msanii." Akainuka, akajifuta midomo. "Chai nzuri, shemeji."

Bwana Kasuga akaondoka. Nje fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alikuwa anashona, na cherehani yake ilisikika ikienda na kusimama.

"Na Tasiana?" Edina aliuliza mwishowe.

"Naweza nikasema ukweli nikafungwa, na bado wasimpeleke Rufaa."

"Unaweza."

"Miaka saba, Edina."

"Nimesikia. Mimi siwezi kukuambia uende jela, baba. Ningekuwa mwongo, maana sitaki uende." Akakusanya vikombe. "Ila usije ukaniuliza kama ulifanya vizuri. Hilo usiniulize."

*

Baraza lilikaa katika ukumbi wa wilaya. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Jaji Mstaafu Profesa Lugome, mzee mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye alikuwa amekwisha kutenganisha picha elfu mbili na hakuna hata moja iliyowahi kurudiana. Kulia kwake walikaa wataalamu watatu wa sanaa za kuonekana. Kushoto, juu ya godoro lililoletwa na gari la hospitali, alilazwa Tasiana.

"Mheshimiwa," Tasiana alianza, akijaribu kujiinua kwa kiwiko, "mimi siku hiyo niliambiwa nipande—"

"Pole sana, mama," alisema Mwenyekiti. "Hapa hukuja kama shahidi. Umeletwa kama sehemu ya picha. Na picha hazisemi."

Karani akaandika kwamba picha ilijaribu kusema, ikazuiwa.

Mtaalamu wa kwanza alikuwa Bwana Fumbuka, mchoraji aliyekuwa amemchora Mlezi mara mia nne na kumi na moja bila kumwona hata siku moja. Aliisogelea picha, akainusa, akarudi nyuma.

"Hii si sanaa," alisema. "Mchoraji huona kwa heshima. Mimi nikikuta mtu ana kovu, mkono wangu wenyewe unakataa kulichora. Kamera haina adabu. Inaona tu. Kitu kisichoweza kuficha hakiwezi kuitwa sanaa."

Zefania akaiona miaka saba imekaa mbele yake, mmoja baada ya mwingine, kama wagonjwa kwenye benchi.

Mchonga vinyago akasimama. "Mimi nikichonga naondoa kisichotakiwa. Huyu hakuondoa kitu. Waziri kamwacha, ndoo kaiacha, hata yule jamaa anayekohoa kamwacha. Huo ni uvivu. Labda, nasema labda, kama atatuhakikishia kwamba alivileta yeye vyote hivyo, hapo tunaweza kuzungumza."

Wa tatu alikuwa mfinyanzi, Bi Nambua, bibi wa vidole vilivyopinda. Yeye hakuiangalia picha, alimwangalia Tasiana.

"Mimi ninajua vyungu," alisema. "Chungu kikivuja, kinavuja, hata ukikiita sanaa. Huyu mama nyonga yake imevunjika au haikuvunjika? Mwulizeni."

"Swali hilo liko nje ya fani ya Bi Nambua," alisema Mwenyekiti, na karani akalifuta kabla halijakauka. Kisha mzee yule akavua miwani, akamgeukia Zefania, na sauti yake ikawa ya kibaba. "Bwana Mkondya. Yule mwanamke alikuwapo pale, au ulimpanga?"

Zefania akamtazama Tasiana. Mama yule hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa anamtazama kama mtu aliyekwisha kujua jibu na anasubiri tu wengine walisikie.

"Nilimpanga," alisema Zefania.

"Ongeza sauti, bwana."

"Nilimpanga, Mheshimiwa. Ni sanaa."

Kama angeishia hapo, pengine baadaye angeweza kujitetea mbele ya nafsi yake. Mtu ameogopa, amesema neno moja, basi. Lakini Mwenyekiti alimwuliza: "Ewe msanii, hebu tufafanulie maana yake."

Msanii. Neno hilo lilimshuka Zefania kama maji baridi siku ya kiangazi. Miaka ishirini hakuna aliyewahi kumwuliza maana ya kitu alichopiga. Akasafisha koo. Akaeleza mwanga wa kutoka kushoto. Akaeleza jinsi nyuzi mbili za maji zinavyoitana, moja juu na moja chini. Akasema mwanamke yule ni Taifa, na ndoo ni Matumaini, na ngazi ni Maendeleo, ambayo hupandwa hatua kwa hatua. Akasema alikaa siku tatu akitafuta uso wa kufaa, uso wenye subira, na alipoupata alijua kwamba huo ndio. Alisema kwa dakika kumi na mbili. Alisema vizuri. Bwana Fumbuka alianza kutikisa kichwa kwa kukubali, mchonga vinyago akapiga meza, na watu wa Mnyauko, ambao hawakuzoea kupiga makofi nje ya zamu, walipiga makofi.

Zefania alikuwa anatabasamu bado alipogeuka upande wa godoro. Tasiana alikuwa amejifunika kanga usoni. Hakuwa analia. Alijifunika kama mtu wa heshima anavyofanya akimwona mwenzake amevuliwa nguo njiani.

*

Mambo yakaenda haraka baada ya hapo. Picha ilipewa jina *Taifa Likijinywesha* na kupelekwa mji mkuu, ikatundikwa katika Jumba la Sanaa, ghorofa ya tatu, kati ya Mlezi wa mia mbili na saba na Mlezi wa mia mbili na nane. Mheshimiwa Sakapala alikwenda kuiona akaipenda, hasa alipoelezwa kwamba yule mwanamke juu ya ngazi ni yeye mwenyewe katika hali ya kiroho. Umoja wa Wasanii wa Mikono uliitisha mkutano wa dharura ukaanzisha Fungu la Vidole, na Zefania akapewa kadi namba moja.

Na Tasiana naye hakusahauliwa. Fomu yake ilisahihishwa. Neno "mpapai" lilikatwa kwa rula, na juu yake pakaandikwa: *Ameanguka katika kazi ya sanaa.* Hospitali ya Rufaa ikajibu kwa masikitiko kwamba madaktari wake wamesomea mifupa ya kawaida na hawana ujuzi wa maanguko ya kisanaa. Jalada likapelekwa Wizara ya Utamaduni. Wizara ya Utamaduni ikalishughulikia kwa wiki tisa, kisha ikamtumia kadi ya mwaliko ya kwenda kujiona Jumba la Sanaa, yeye na mtu mmoja. Wakati huo nyonga ilikuwa imekwisha kujiunga yenyewe ilivyotaka, na mguu wa kushoto ukawa mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole viwili.

Studio ya Zefania ilijaa watu. Wote walitaka kupangwa. Lakini mwenyewe alibadilika. Alikuwa akienda kanisani, sasa alisali nyumbani. Akitoka kwenda sokoni alizunguka nyuma ya mashamba ya mkonge, kwa kuwa njia ya kawaida inapita mbele ya kwa kina Benadeta. Akisikia fimbo ikigonga chini barabarani, hata ya mzee wa mbali, alikumbuka shughuli ndani ya chumba cha giza. Edina alimwona, na kama alivyoahidi, hakusema neno. Alipakua chakula, akala kwa upande wake.

Na kazi yenyewe ikaanza kumshinda. Mtu akikaa kwenye kiti cha kuzunguka na kutazama kamera, humtazama moja kwa moja yule aliye nyuma yake. Zefania hakuwa amelifikiria jambo hilo kwa miaka ishirini. Sasa alishindwa kulivumilia. Akaanza kuwaambia wateja, "Tazama pembeni kidogo. Hapo, dirishani." Matokeo yake ofisi ya pasipoti ya mji mkuu ilipokea kutoka Mnyauko picha mia mbili na kumi za watu wanaotazama pembeni, na ikaandika barua kuuliza ni kitu gani kinachotokea upande ule.

*

Tasiana alikuja mwenyewe, alasiri moja ya mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Zefania alikuwa anakata picha kwa mkasi, akasikia fimbo kizingitini, na safari hii hakuwahi kukimbilia ndani.

"Hodi."

"Karibu, dada Tasiana." Akavuta kiti, kisha akakumbuka ni kile cha kuzunguka, akaleta cha mbao.

Akaketi taratibu, akiuweka ule mguu mfupi mahali pake kwa mikono yake miwili. Alikuwa amekonda. Alilitazama pazia la maporomoko, akaitazama kadi namba moja iliyowekwa kwenye fremu ukutani, akaiacha.

"Sikuja kukugombeza, kaka Zefa," alisema. "Nimekuja na swali."

"Uliza, dada."

"Kila mtu anasema nilipangwa. Nikienda kisimani wananiita mwigizaji. Hawasemi kwa ubaya, wengine wananisifu. Wananiambia, kumbe mama Benadeta una kipaji, hukutuambia. Juzi mjukuu wangu kaniuliza, bibi, ulipokuwa unaanguka ulikuwa unaogopa au ulikuwa unacheza? Nikataka kumjibu, nikakuta sina jibu." Aliifuta fimbo kwa kiganja. "Fomu inasema niliigiza. Baraza linasema. Picha iko huko mjini inasema. Sasa mimi nikikaa peke yangu naanza kufikiri, labda kweli. Labda walinipanga, na mimi kwa ujinga wangu sikuelewa kwamba ni mchezo. Wewe ndiye uliyekuwa karibu. Wewe ndiye uliyekimbia. Niambie, nilianguka au sikuanguka?"

Zefania akaweka mkasi chini. Akasimama. Akaenda mlangoni, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaurudisha mlango na kupiga komeo. Kisha akarudi, akachuchumaa mbele ya kile kiti cha mbao, akasema kwa sauti ya chini:

"Ulianguka, dada. Niliona kwa macho yangu. Nilisikia mfupa. Mimi sikukupanga. Wala sikujua kama upo mpaka nilipokuona. Ulianguka."

Tasiana akaiegemeza fimbo gotini.

"Asante," alisema. "Nilidhani akili imeanza kuniruka."

Zefania alikuwa na mengine ya kusema. Alikuwa ameyakusanya miezi yote ile, kwa mpangilio, lakini aliyatafuta asiyapate. Tasiana akashika fimbo. Zefania akanyoosha mkono amsaidie kuinuka, na Tasiana, bila hasira, akasubiri mpaka mkono ule uliporudi ulikotoka. Akainuka mwenyewe. Ilimchukua muda.

Mlangoni akasimama, akalitazama komeo.

"Ulifunga kwanza," alisema, kama mtu anayejisemea. Kisha: "Haya, nifungulie nipite."

Akamfungulia. Jua la Mnyauko likaingia ndani kwa kishindo. Tasiana akashuka kizingiti, mguu mmoja, fimbo, mguu wa pili, akashika barabara bila kugeuka nyuma.

Zefania alibaki amesimama mlangoni. Ng'ambo ya barabara fundi cherehani alikuwa amesimamisha mashine, anamsindikiza Tasiana kwa macho. Akina mama wawili walikuwa wanangoja nguo zao barazani kwake, na mtu mmoja alikuwa anatengeneza baiskeli. Watu wanne tu, wala hakukuwa na askari, wala Bwana Kasuga. Zefania akajaza kifua hewa.

"Alianguka," alisema.

"Unasemaje?" aliuliza fundi, akitega sikio.

Akina mama wakageuka. Mtu wa baiskeli akainua kichwa. Zefania akaona macho yote yale yanamtazama moja kwa moja, na hapakuwa na dirisha la kuwaelekeza.

"Nasema jua kali leo."

"Kali kweli, msanii," alijibu fundi, akakanyaga mashine yake, akaendelea kushona.